Kalenda ya Mfupa

Maumivu ya muundi huja kwa adabu. Mwanzoni hujitokeza katika hatua za kwanza za mazoezi tu, kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, sehemu ya chini kuelekea kifundo. Mwili ukishapata joto yanatulia, mkimbiaji anayasahau, anamaliza mizunguko yake. Jioni akiketi yanarudi. Baada ya wiki moja au mbili hayatulii upesi kama zamani. Baadaye yanakaa naye mazoezi yote, na asubuhi anaposhuka kitandani mguu unalalamika kabla hajafika mlangoni. Wengi hungoja mpaka hapo ndipo watafute dawa ya kuchua, wafunge mguu kwa kitambaa na kuendelea kukimbia. Hakuna uvimbe wa kuonyesha watu. Hakuna jeraha. Mkimbiaji mwenyewe huanza kujiuliza kama si uvivu.

Nimeyaona haya Butula mara nyingi kiasi cha kuujua msimu wake. Ni Januari na Februari. Ukiiacha barabara kuu ya Kisumu na Busia pale Bumala, ukaingia ndani kati ya miwa na mihogo, utawakuta wanafunzi alfajiri wakikimbia kwa vikundi, wengine kwa raba, wengine pekupeku. Mvua ya masika bado haijafika na udongo umekauka ukawa mgumu. Riadha ya shule mara nyingi huwekwa katika muhula huu wa kwanza, na ngazi zake hufuatana kwa kasi: shule, zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa. Mtoto aliyeipitisha likizo ya Novemba na Desemba akilima na kuchota maji, bila kukimbia hata siku moja, anaambiwa katika wiki ya pili ya muhula kwamba shule inamtegemea kwa mita 5,000. Anakimbia asubuhi, jioni anakimbia tena. Mapafu anayo, moyo anao, hamu anayo tele. Misuli itazoea baada ya wiki chache. Mfupa hauwezi kwenda kwa mwendo huo, na hakuna aliyeuuliza.

Kuna kundi jingine, la vijana waliokwisha kumaliza shule. Hao hawangoji kengele ya mwalimu, wanangoja tangazo la kusajili makurutu wa jeshi au polisi. Siku ya usajili watakimbizwa mbele ya maofisa, na kazi yenye mshahara wa kila mwezi itategemea pumzi na miguu ya asubuhi hiyo moja. Tangazo likitoka, muda unaobaki ni mfupi. Kijana aliyekuwa akikata miwa au kuendesha pikipiki anaanza ghafla kukimbia kila siku, tena kwa kasi ile anayodhani ataihitaji. Ninamwelewa kabisa. Ningekuwa na umri wake, na nafasi zenyewe ni chache kiasi hicho, ningefanya hivyo hivyo.

Si ajabu kwamba madaktari wa majeshi ndio waliotangulia kuandika juu ya mifupa inayochoka. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza habari za askari waliovimba nyayo na kushindwa kukanyaga baada ya safari ndefu za miguu, ingawa hawakuwa wameanguka wala kupigwa. Eksirei haikuwapo, iligunduliwa mwaka 1895, na ndipo ikaonekana kwamba mifupa ya nyayo za askari wa aina hiyo ilikuwa imepata nyufa. Hadi leo makurutu wa majeshi ulimwenguni ni miongoni mwa watu wanaosumbuliwa sana na maumivu ya muundi, pamoja na wakimbiaji na wacheza ngoma. Kinachowaunganisha wote ni mzigo ulioongezeka haraka kuliko mwili ulivyoweza kujiandaa. Kila mguu unapotua katika mbio, ardhi huurudishia nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtembeaji hodari wa Butula, anayekwenda kilomita nyingi kwa siku bila kulalamika, hajauzoesha muundi wake kipigo hicho.

Mfupa ni kiungo hai. Ukiongezewa kazi hujijenga upya ili uimudu, na kazi hiyo hufanywa na seli za aina mbili: zinazokula mfupa uliochoka, na zinazojaza mfupa mpya. Shida iko katika mpangilio wa kazi, kwa maana walaji hutangulia. Aliyeona barabara ya murram ikitengenezwa anaijua hatari hii. Greda hupita kwanza likikwangua na kuchimbua, na kabla murram mpya haijamwagwa na kushindiliwa, barabara huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla ya matengenezo. Trela za miwa zikiruhusiwa kupita siku hizo, zitaacha mashimo ambayo hayakuwapo. Katika mfupa, kukwangua huchukua wiki kadhaa, kujaza huchukua miezi. Mwanafunzi aliyeanza mazoezi Januari anaweza kuufikia mwezi wa pili akiwa na muundi dhaifu kuliko ule aliotoka nao nyumbani, na huo ndio mwezi wa mashindano yake.

Mwaka 2001 watafiti wa Sweden walipima mifupa ya wanariadha waliokuwa na maumivu haya kwa muda mrefu, wakakuta kwamba pale hasa palipouma mfupa ulikuwa umepungua uzito wake. Wataalamu wangali wanabishana ni kiasi gani cha maumivu kinatoka kwenye utando unaoufunika mfupa na kiasi gani kwenye mfupa wenyewe, lakini upimaji huo ulitosha kuondoa lile wazo la uvivu. Mwaka 2003 watafiti hao wakachapisha habari iliyonifurahisha zaidi: wanariadha walipopona, mfupa ulirudia uzito wake.

Kutambua tatizo hili hakuhitaji mashine, na kwa watu wa vijijini hilo ni jambo kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wapimaji wawili, kila mmoja akimchunguza mgonjwa kivyake kwa kumsikiliza na kumbonyeza mguu, hukubaliana karibu kila mara. Mketishe mtoto, mguu ulegee. Kwa ncha za vidole fuata ukingo wa ndani wa muundi kutoka juu ya kifundo kwenda katikati ya mguu, ukibonyeza kidogo kidogo, huku ukimtazama usoni. Kama maumivu yametapakaa kwenye urefu wa sentimita tano au zaidi, yaani upana wa vidole vitatu hivi, na kama huja kwa kukimbia na kupungua kwa kupumzika, basi umekwisha kujua unachoshughulika nacho.

Kama mtoto anaweza kuyafunika maumivu yote kwa ncha ya kidole kimoja, hapo shughuli ni nyingine. Kama yanamwamsha usiku, kama yanamuuma akiwa ameketi tu, kama hawezi kuruka hata mara moja kwa mguu huo, inawezekana mfupa umekwisha kupata ufa. Huyo asikimbie tena mpaka aonwe hospitalini. Eksirei ya mapema mara nyingi haionyeshi ufa wa aina hii; huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu, wakati mwingine zaidi. Picha safi si ruhusa ya kurudi uwanjani. Na maumivu ya nukta moja kwenye ukingo wa mbele wa muundi, katikati ya mguu, yachukuliwe kwa uzito zaidi kuliko yote, kwa sababu ufa wa hapo hupona kwa shida na unaweza kuwa mvunjiko kamili.

Kuna mengine ambayo mwalimu wa michezo wa huku kwetu magharibi hana budi kuyajua. Ukanda wa Ziwa Victoria una watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa ambao huleta maumivu makali ya mifupa, miguu ikiwamo, na mara nyingi huchochewa na baridi, kiu au uchovu. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa amechoka muundi tu, atacheleweshwa vibaya. Vilevile mtoto mwenye homa, mguu wenye joto na uvimbe, asiyetaka kukanyaga kabisa, anaweza kuwa na maambukizi ndani ya mfupa, na huyo hangoji kesho. Tena yuko mkimbiaji ambaye mguu humkaza kama umefungwa kamba, unyayo ukafa ganzi, kisha vyote vikaisha dakika chache baada ya kusimama; tatizo lake liko kwenye misuli iliyobanwa ndani ya ala zake, na matibabu yake ni mengine.

Nimewahi kumsindikiza msichana mmoja hadi zahanati moja, mwanafunzi aliyekuwa na maumivu haya haya yaliyotapakaa, bila dalili yoyote ya hatari. Alipewa vidonge vya kutuliza maumivu na akaambiwa arudi mazoezini yakiisha. Bila shaka yaliisha, kwa siku tatu. Kidonge hunyamazisha muundi bila kuujaza, na mtoto anayekimbia akiwa amemeza dawa anaikanyaga ile barabara iliyochimbuliwa bila kuona mashimo. Aliporudi kwangu alikuwa akichechemea.

Nini basi huponya? Mwaka 2012 madaktari wa Uholanzi waliwagawa wanariadha 74 wenye maumivu haya katika makundi matatu. La kwanza lilirudi kwenye mbio polepole kwa mpango uliopangwa hatua kwa hatua. La pili lilifanya hivyo hivyo, likaongeza mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mashavu ya miguu. La tatu likaongezewa soksi ya kubana. Makundi yote yalichukua muda unaokaribiana kumaliza mpango: siku mia moja na kidogo. Ninaupenda utafiti huu kwa sababu unamvua nguo kila muuzaji wa soksi, lakini zaidi kwa sababu ya hesabu yake. Muhula wa kwanza wa shule zetu ni wiki 13 hivi, yaani siku 91. Mfupa ulioumia Februari unaomba muda mrefu kuliko muhula mzima, na msimu wa riadha ni kipande tu cha muhula huo.

Nilipomweleza mama wa yule msichana haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, unasema apumzike. Apumzike akiwa wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Binti huyo alikuwa akichota maji chemchemini kabla ya shule, akitembea kwenda darasani, akirudi kupika, na Jumamosi akiwa shambani. Ushauri wa madaktari huandikwa kana kwamba maisha ya mgonjwa ni mbio tu, na mbio zikisimama mwili umepumzika. Kwa bahati nzuri, mfupa hautaki mtu alale kitandani. Unahitaji mzigo, ila mzigo usioupita uwezo wake. Kutembea kusikoleta maumivu kunaruhusiwa. Kinachopaswa kusimama ni kukimbia na kurukaruka, na mzigo wa kichwani juu ya kilima kile cha chemchemi upunguzwe mpaka mguu utulie.

"Sawa, Mama," nilimwambia, "maji tumtafutie njia nyingine."

Njia ilikuwa baiskeli ya mjomba wake, Black Mamba ya zamani yenye kibebeo kipana. Kuendesha baiskeli kunaupa moyo kazi na mapafu kazi, huku muundi ukisalimika na kile kipigo cha ardhi. Sisi watu wa mpakani hatuna haja ya kufundishwa thamani ya baiskeli. Ni hapa, mpakani Busia, miaka ya 1960, vijana walipoanza kuvusha abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha kimoja hadi kingine, na biashara yao ikaenea Afrika Mashariki nzima. Madebe mawili yalifungwa nyuma, mdogo wake akachukua zamu ya kupanda kilima, na msichana akaendelea kuingoja miguu yake.

Baiskeli zile zimegeuka pikipiki, na pikipiki zinavunja miundi kila siku. Juni 2020, Geoffrey Kamworor, bingwa wa New York Marathon mara mbili, aligongwa na pikipiki akiwa mazoezini karibu na Eldoret, mfupa wa muundi ukavunjika. Alipasuliwa, akauguzwa, na mwaka mmoja baadaye akashinda mbio za mchujo za mita 10,000 za timu ya Kenya. Hakuna aliyemwambia aikaze roho arudi uwanjani wiki ya tatu. Mfupa uliovunjika una plasta, una magongo, una wageni wanaoleta sukari na maziwa. Nchi nzima inajua kumngoja mtu aliyevunjika. Mwenye muundi uliochoka hana chochote cha kuonyesha, kwa hiyo hapewi siku hata moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika jambo hili zima, kwa maana akinyimwa siku zake leo, plasta ataipata kesho.

Wapo watakaosema wakimbiaji wa Bonde la Ufa hawabembelezwi hivi. Nimesoma na kusikia ya kutosha kuhusu Iten kuweza kupinga hilo. Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyefika katika shule ya St. Patrick's mwaka 1976 na baadaye kumlea David Rudisha, anajulikana kwa kuwajenga vijana taratibu, mwaka baada ya mwaka. Mbio nyepesi za asubuhi za mabingwa wetu huwashangaza wageni kwa upole wake. Tulichokiiga sisi ni kasi ya siku ya mashindano, bila miaka iliyoitangulia.

Jambo la chakula lina uzito wake pia. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa makurutu wa kike wa jeshi la majini la Marekani, zaidi ya 5,000: waliopewa kalisi na vitamini D walipata nyufa za mifupa chache kwa asilimia 20 kuliko wenzao. Kaunti yetu inapakana na ziwa. Omena ya Port Victoria na Sio Port huliwa nzima, na mifupa yake, na mboga ya tsisaka hukua nyuma ya jikoni. Jua tunalo. Mtoto anayekimbia asubuhi bila uji na kurudi jioni bila kitu tumboni anauomba mfupa ujijenge bila vifaa.

Kwa wasichana swali hili lina sehemu ambayo walimu wa kiume huiogopa. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo huweza kukosa hedhi, na homoni zilezile zinazosimamisha hedhi zikipungua ndizo zinazolinda mfupa. Mwaka 2014 kamati ya kimataifa ya Olimpiki iliupa upungufu huo wa nishati uzito wa kitabibu, kwa wanaume na wanawake. Mwaka 2019 Mary Cain, Mmarekani aliyekuwa nyota akiwa bado shuleni, alieleza hadharani kwamba alishinikizwa apunguze uzito, hedhi ikakatika kwa miaka mitatu, akavunjika mifupa mitano. Kumsifu msichana kwa wembamba wake uwanjani ni jambo ambalo nimeliacha na ninawasihi wenzangu waliache. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, aende kliniki. Mama, shangazi au mwalimu wa kike amuulize, kwa heshima na faraghani, lakini aulizwe.

Kuhusu viatu nitasema machache. Raba iliyokwisha soli haimsaidii mtu, na anayekimbia pekupeku tangu utotoni hana kosa. Kinachoumiza ni kubadilishiwa ghafla, leo pekupeku, kesho njumu za kuazima, kesho kutwa lami.

Anayetaka kurudi huanza na kutembea. Mguu ukipita siku kadhaa za kutembea bila maumivu, anasimama karibu na ukuta na kuinuka kwa vidole vya miguu, kwanza miguu yote miwili, baadaye mmoja mmoja, ili mashavu ya miguu yapate nguvu ya kubeba sehemu ya kipigo. Akiweza kuruka kwa mguu mmoja bila maumivu, anakimbia dakika moja na kutembea mbili, kwenye nyasi, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Maumivu madogo yanayokwisha kufikia asubuhi hayana neno. Yakilala na kuamka naye, anarudi hatua moja nyuma na kukaa hapo wiki nzima. Kwa shule ninaloomba ni dogo kuliko linavyosikika: mazoezi yaanze kabla wanafunzi hawajafunga kwa likizo ya Novemba, mbio mbili au tatu fupi kwa wiki, kila mtoto aende nazo nyumbani likizoni, ili Januari isiikute mifupa imelala. Hazihitaji bajeti. Zinahitaji mwalimu anayekubali kwamba ushindi wa Machi hupandwa mwaka uliotangulia.

Mashindano ya kaunti yalipita yule msichana akiwa bado anaendesha baiskeli. Alikwenda kuwashangilia wenzake, akarudi na hasira. Masika yalipolainisha uwanja wetu tukaanza dakika moja moja, yeye akiwa mbele, mimi na saa mkononi. Alifika dakika nne bila maumivu, akadai ya tano siku hiyo hiyo. Nikamnyima. Alinuna, akachukua mkoba wake, akaenda moja kwa moja kunishtaki nyumbani kwamba ninamchelewesha kwa makusudi. Mama yake, aliyekuwa akianika mihogo, alimuuliza mguu ulisemaje asubuhi ile, akasikiliza, kisha akamwambia dakika ya tano ni ya Alhamisi, na Alhamisi bado.